Projekta Iliyovaa Foronya

Nimeambiwa niandike. Kwenye chai ya kuniaga, yule kijana wenu wa takwimu alisimama akasema, "Bi Somoe, utuachie maandishi," watu wakapiga makofi, wakaendelea na sambusa. Huenda alisema kwa adabu tu, lakini mimi nimelishika neno lake kwa sababu sina kingine cha kushika. Tangu nistaafu sikai. Nimepanga vyombo upya mara mbili, nimeifungua feni ya sebuleni nikaifuta wakati haina hata chembe ya vumbi, na tangu nianze ukurasa huu nimeinuka mara tatu kuangalia kama nimefunga mlango wa uani. Nimeufunga. Mume wangu amehamia barazani, anasema ndani hakukaliki.

Vyeo na mishahara sitavigusa. Mnavijua, na kama hamvijui basi havikuwa vya kusimulia. Nataka kuandika habari ya vumbi na hewa, maana ndiyo iliyonisumbua kuliko zote, na mmoja wenu ameirithi ile projekta yangu bila kuniuliza hata swali moja.

Siku yangu ya kwanza kama bibi shamba nilipelekwa upande wa Ziwani, hii ya huku kwetu kusini, nikiwa na gambuti zinazonizidi mguu na maarifa ya chuo yanayonizidi akili. Ulikuwa msimu wa kupulizia. Kwa aliyehamia huku karibuni nieleze: mkorosho ukitoa maua hushambuliwa na ubwiriunga, ukungu mweupe unaokausha maua yote, na dawa yake ya siku nyingi ni salfa, unga wa njano unaopulizwa kwa mashine ya kubeba mgongoni. Kazi hufanywa alfajiri, umande ungali majanini na upepo haujaanza fujo. Nilifika shambani kumekucha, nikachagua mahali panapomfaa mtaalamu kusimama, yaani mbele kabisa.

Mpulizaji akanitazama. "Bibi shamba, upepo unakuja huko uliko."

"Najua," nikamwambia.

Basi akawasha. Nilikohoa siku mbili, na ushungi wangu mweupe haukuwa mweupe tena mpaka nilipoufanya tambara la jikoni. Toka siku hiyo nikiingia shamba la mtu naulizia upepo kwanza, salamu baadaye. Wazee walinisamehe.

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuwaambia wapulizaji wafunike pua na mdomo, na chombo changu kilikuwa kipeperushi. Kipeperushi kizuri, cha rangi, kina mchoro wa mtu amevaa barakoa anatabasamu, sijui tabasamu lake mchoraji alilionaje. Niligawa maelfu. Siku moja nikanunua karanga stendi, nikafungua kikaratasi, nikakutana naye yule mtu wangu amejaa chumvi. Nilicheka peke yangu pale stendi, halafu nikakasirika mpaka nyumbani.

Zilipokuja simu za kupiga video nikapata njia. Kulikuwa na mpulizaji hodari katika kijiji kimoja upande wa Madimba. Nitamwita Hashimu, si jina lake, na kijiji sikitaji kwa kuwa mwenyewe aliniomba. Alipuliza mikorosho yake na ya watu wengine, shamba hili leo, lile kesho, msimu mzima. Kifuani alikuwa na mlio, akipumua unausikia. Nilimpa vitambaa, nilimpa barakoa za zahanati, na jibu lake, kwa lugha ya kwao ya kujiita "nangu", lilikuwa lilelile: "Inaniziba pumzi. Nangu kufa kwa kukosa hewa sitaki, bora nife kwa salfa."

Nikamwomba nimpige video akiwa kazini. Alikubali, akavaa na shati jipya. Alfajiri ile mashine ikaunguruma, wingu la njano likatoka, na Hashimu akapotelea humo ndani na shati lake. Kwenye video humwoni. Unasikia kikohozi tu. Niliporudi ofisini nikaitazama mara nyingi, nikasema hii ndiyo ya kuwaonyesha watu, vipeperushi basi.

Lakini simu ni ndogo jamani. Vichwa kumi na viwili juu ya kioo kimoja, wa nyuma wanauliza, "Kuna nini? Nani kafa?" Projekta ya ofisi ilikuwepo, ya ukumbi wa mikutano. Niliiomba kwa barua. Nikajibiwa kwamba vumbi la vijijini litaiua. Hilo nakiri leo lilikuwa kweli tupu, ila wakati ule nilinuna wiki nzima.

Ndipo nilipomwendea Fundi Bakari wa Ufukoni. Bakari alitengeneza redio, spika na kila kitu chenye waya, umri wetu ni mmoja, na alikuwa na tabia ya kutokuitikia salamu mpaka amalize skrubu aliyo nayo mkononi. Nilisimama mlangoni kwake muda wa kutosha kuchemsha chai.

"Nataka projekta," nikasema alipoinua uso. "Ya kutengeneza wenyewe."

"Umeniletea nini?"

Nilikuwa nimemletea tableti iliyokufa betri ila kioo chake kizima, na lenzi kubwa niliyoitoa kwenye mashine kuukuu iliyotupwa na chuo kimoja. Akaigeuza ile lenzi, akatazama mtaa mzima kupitia humo, akasema, "Kaa." Kwa Bakari neno hilo ni sawa na kukubaliwa posa.

Yenyewe ni rahisi kueleza. Sanduku la plaiwudi. Nyuma taa ya LED ya wati mia, imefungwa kwenye pande la aluminiamu lenye mapezi ya kupozea. Mbele ya taa kioo cha tableti kilichobanduliwa mgongo wake mpaka mwanga ukapita. Mbele ya kioo ile lenzi. Unaunganisha simu, picha inatokea kwenye shuka ukutani. Mwanga haukutusumbua hata siku moja. Kilichotusumbua ni joto. Taa ile ikikaa bila hewa dakika ishirini, kioo kinababuka katikati. Cha kwanza kilibabuka hivyohivyo tukitazama, doa la kahawia kama chapati iliyosahaulika jikoni.  Bakari alizima, akaenda kuswali, aliporudi akasema tutoboe.

Tukatoboa. Matundu chini, matundu pembeni, na feni ya kompyuta juu ya taa ikitupa joto nje. Dukani kwake picha ilitoka safi mpaka majirani wakahamia pale. Kijijini siku ya pili tu kukawa na madoa. Elewa kwamba vumbi likitua kwenye kile kioo linakuzwa pamoja na picha, punje moja inakuwa nzi, na watu wanaacha kusikiliza habari ya ubwiriunga wanahesabu nzi. Nikaziba matundu kwa sponji ya godoro, joto likapanda. Nikatoa sponji, nzi wakarudi. Tukajaribu chujio la pikipiki lenye oili, vumbi likashikana na oili likawa uji. Mwisho nikaweka sponji nyembamba, nikajiambia itatosha. Neno hilo, wanangu, mkilisikia limetoka mdomoni mwenu, simameni hapohapo.

Tulionyesha sinema ile ghalani kwa chama cha msingi, saa nane mchana. Najua mnauliza kwa nini mchana. Wapulizaji huamka usiku wa manane, jioni wamekwisha kulala, na anayetaka kuwapata awapate baina ya adhuhuri na alasiri. Tukaziba madirisha kwa maboksi, mlangoni tukatundika turubai. Nilihitaji meza, meza ikawa fupi, na pembeni kulikuwa na mifuko ya salfa ya msimu imepangwa hadi kiunoni. Nikaiweka projekta juu ya mifuko.

Niliandika hapo juu kwamba matundu yalikuwa chini ya sanduku. Mtu wa Dodoma au wa Mwanza angeingia ghalani mle angeshtuka, angeniambia, mama, unaiweka mashine juu ya unga? Sisi wa huku hatuuoni. Kuanzia mwezi wa sita salfa iko kwenye majani, kwenye nguo, kwenye kope, kwenye chai. Watu sitini mle ndani, na si mmoja aliyesema kitu, na mtaalamu wao nilikuwa mimi.

Hashimu alikaa mbele kabisa, kwa vile aliambiwa ni sinema yake. Ikaanza na habari ya kupogolea matawi, watu wakatulia. Mimi nilisikia harufu. Niliisikia, wallahi, na nikapuuza, maana ghala lile siku zote linanuka salfa. Kumbe feni ilikuwa imevuta unga kupitia kila tundu na kila ufa, imeshiba nao, imepunguza mwendo, na unga uliokaa kwenye aluminiamu umeanza kuyeyuka. Halafu ukatoka moshi. Si moshi mwingi, lakini moshi wa salfa hauhitaji kuwa mwingi. Unashika koo na macho kwa pamoja. Watu wakakimbilia mlangoni, na turubai lilikuwa limefungwa kwa nje na msamaria mmoja ili watoto wasituchungulie.

Nilichomoa waya. Nilisukuma lile sanduku likaanguka mbali na mifuko, maana mifuko ile ingeshika moto singekuwa na haja ya kustaafu. Turubai likachanwa, watu wakatoka wanakohoa na kutukana. Hashimu hakutoka. Tulimkuta amepiga magoti palepale mbele, mdomo wazi, hewa haiingii.

Alipelekwa zahanati kwa pikipiki, katikati ya watu wawili. Nilifika nikamkuta amekaa kitandani ana mpira wa hewa puani, mkewe Mama Rehema kasimama pembeni ameshika viatu vyake. Tabibu aliniita nje. "Leo atapona," akasema. "Lakini kifua hiki hakijaanza leo. Akila salfa hivi misimu miwili mingine, kutoka kitandani mpaka mlangoni itakuwa safari."

Nikarudi ndani kumwomba radhi. Hashimu akautoa ule mpira puani.

"Bibi shamba, miaka kumi na miwili napuliza, sijaanguka hata siku moja. Nimekuja kutazama sinema yako ya kulinda kifua, nimeanguka."

"Rudisha mpira puani," nikasema. Nilitaka kucheka na kulia, na sikufanya hata kimoja.

Mama Rehema ndiye aliyenimaliza. Hakupaza sauti. "Kila mwaka unakuja unamwambia avae, avae. Akivaa hapumui. Wewe mwenyewe umeshawahi kukivaa hicho kitambaa ukabeba ile mashine? Haya, niambie leo. Avae nini?"

 Miaka yote ile na vipeperushi vyangu vya rangi, swali la kwanza kabisa sikuwahi kujiuliza. Nilitoka pale nimejaa haya mpaka miguuni.

Mwenyekiti wa chama alisema lile sanduku lisionekane tena kijijini. Mkuu wangu wa kazi akasema liingie stoo. Nikaliingiza chumbani kwangu. Usingizi ulinipotea. Naamka nalitazama, nalizungusha, najiuliza, kama nashindwa kuipa hewa safi mashine iliyokaa kitako, nitampaje mtu anayepanda na kushuka mashambani ana mzigo mgongoni? Shida ilikuwa moja, ya sanduku na ya Hashimu: ukiziba vumbi, umeziba pumzi. Nikaona nikitatua ya sanduku, ya mtu nitaiona njia yake. Huenda ilikuwa njia ya kukwepa kwenda kumtazama usoni. Lakini ndivyo nilivyofanya.

Bakari alilifungua, akaona unga wa njano kila pembe, akaguna. Halafu akafanya jambo ambalo nataka mlijue hata kama mengine yote mtayasahau. Alimwomba mkewe udi. Akawasha kijiti kimoja, akaiwasha feni, akakipitisha kile kijiti taratibu kwenye kila kiungo cha sanduku. Kila alipopita, moshi uliingia ndani. Kwenye ufa wa mfuniko, unaingia. Kwenye tundu la waya, unaingia. Pembezoni mwa lenzi, unaingia.

"Unaona?" akasema. "Feni inatupa hewa nje, basi sanduku lina njaa. Linakula popote. Wewe umeweka sponji kwenye matundu tuliyotoboa, lenyewe linakula kwa nyufa nyingine ishirini."

"Sasa?"

Akachukua bisibisi. Akafungua skrubu nne, akaigeuza feni, akafunga skrubu nne. Feni ikawa inasukuma hewa ndani, na joto linatafuta njia yake ya kutokea. Akapitisha udi tena. Safari hii kila ufa uliusukuma moshi mbali. Sanduku lilikuwa limeshiba hewa, linaitema popote penye mwanya, na vumbi halikuwa na pa kuingilia isipokuwa mlango mmoja wa feni.

Nilikaa chini. Skrubu nne! Nilimwuliza kwa nini hakufanya hivyo tangu mwanzo, akasema, "Na wewe kwa nini uliweka juu ya salfa?" Tukanywa chai wote wawili.

Ukabaki ule mlango mmoja. Hapo ndipo chujio linapotakiwa, na kila tulichoweka kiliikaba feni. Kitambaa kizito kinakaba, chepesi kinapitisha vumbi. Nilishinda siku nyingi nakata matambara, nyumba ikawa kama kwa fundi cherehani aliyerukwa na akili. Asubuhi moja natandika kitanda, nikavuta foronya, ikajaa upepo. Nikabaki nimeishika. Sikuwa na haja ya kitambaa chepesi. Nilihitaji kikubwa. Hewa ileile, ikigawanywa kwenye kitambaa mara ishirini ya ukubwa wa tundu, kila sehemu inapitisha kidogo tu, polepole, na feni haihisi mzigo.

Ile foronya ilikuwa ya harusi yangu. Shangazi yangu aliidarizi kwa uzi mwekundu, ua kila pembe na katikati maneno "Karibu Mpenzi". Ya pamba nzito, ya zamani, siku hizi hazipatikani. Nilisita kidogo sana. Tukaifunga mdomo wake kwenye bomba la plastiki linaloingia kwenye feni, bomba tukalipandisha juu ya vichwa vya watu kuliko na vumbi dogo, ndani tukaweka kizimba cha waya isijikunje. Bakari akafunga kipande cha uzi kwenye tundu mojawapo la kutokea joto. Uzi ukilala sawa na hewa, mambo mazuri. Ukianza kuinama, kung'uta foronya.

Niliiwasha mfululizo uani kwa saa tatu, upepo unavuma, kuku wanaparua vumbi pembeni. Nikaifungua. Kioo kilikuwa safi, aluminiamu unaishika kwa mkono. Nikampigia Bakari, akasema, "Sawa," akakata.

Mwenyekiti wa chama nilimwendea mara nne. Mara ya nne akasema, "Aka, mama, wewe utaniua kwa maneno. Hashimu akikubali kuja, njoo. Asipokubali, basi." Nikaenda kwa Hashimu. Alikuwa amesharudi mashambani, uso mtupu, mlio kifuani umezidi. Nilimwambia ukweli, kwamba kosa lilikuwa langu, nimelirekebisha, na pa kukaa achague mwenyewe. Mkewe akamtazama. "Nitakaa mlangoni," Hashimu akasema, "na turubai nitalishika mimi."

Safari hii mifuko yote ya salfa ilitolewa nje kwanza, na mlango mmoja ukabaki wazi, picha ififie inavyotaka kufifia. Watu walipoiona projekta ina foronya kichwani imetuna, na maneno yanasomeka, ghala zima lilipasuka kwa kicheko. Niliwaacha wacheke. Sikuionyesha habari ya kupogolea. Nilianza na Hashimu.

Wingu la njano likajaa ukuta mzima. Mashine inaunguruma, kikohozi, mashine, kikohozi.

"Yule nani?" Hashimu akauliza kutoka mlangoni.

"Wewe," mkewe akamjibu.

"Mbona simwoni?"

"Ndivyo tunavyokuona sisi kila siku. Hatukuoni."

 Hashimu akaniomba nirudishe. Nikarudisha. Akaomba tena. Mara ya tatu hakutazama ukuta, aliliacha turubai akaja mpaka kwenye sanduku. Akaweka kiganja penye tundu la joto. Akanyoosha mkono juu akaishika foronya, kwa nje imegeuka manjano ya udongo. Akaikunja pindo kutazama ndani, nikamzuia, nikazima taa, nikaacha feni ipoze, ndipo nikaivua na kumgeuzia. Ndani ilikuwa nyeupe.

"Na inavuta hewa humuhumu?"

"Humuhumu."

"Haizibwi pumzi?"

"Kitambaa ni kikubwa, na hakigusi pua yake."

Akaupapasa ule upande mweupe, mlio wake wa kifuani tunausikia wote. Kisha akasema, "Bibi shamba, unayo nyingine?"

Foronya za harusi huwa mbili. Ya pili, yenye maneno yaleyale, ilikuwa kwenye mto wa mume wangu, na jioni ile alilalia mto mtupu, akauliza, nikamwambia imeenda kazini. Bakari alitoa ukingo wa kofia ya ukili, nikaishonea foronya ikaning'inia mbali na uso pande zote mpaka mabegani, chini ikafungwa shingoni kwa kamba, penye macho, juu ya yale maneno, tukaweka kipande cha plastiki angavu. Tabibu aliivaa mwenyewe, akatembea nayo uwanjani, akasema si kifaa cha kitaalamu lakini ni afadhali mara nyingi kuliko uso mtupu. Akamlazimisha pia Hashimu apunguze mashamba, na asipulize tena akitazamana na upepo. Niliandika barua za kuomba barakoa za kweli zenye vichujio vipana. Naziandika mpaka leo, kama raia wa kawaida.

Kijiji kilimcheka, msidhani. Mtu mzima anapita mikoroshoni ameandikwa "Karibu Mpenzi" usoni! Wakamwita Mpenzi, na mwenyekiti ndiye aliyeanza. Hashimu akawa anaitika.

Mimi sikutulia. Kila asubuhi nilimpigia Mama Rehema kabla sijanywa chai. Kavaa? Kavaa. Kaikung'uta? Kaikung'uta. Upande gani wa upepo? Bibi shamba, tumeshaelewa. Niliogopa joto litamshinda aivue katikati ya shamba, niliogopa kamba italegea, niliogopa nimempa mtu kitambaa cha kitandani nikamwambia hicho ndicho kitakuokoa. Kama ningekosea mara ya pili, hakukuwa na skrubu za kugeuza.

Wewe uliyerithi projekta, sikia. Feni inasukuma ndani, usije ukaigeuza kwa kuona joto. Foronya inakung'utwa ikiwa kavu, nje, mbali na sanduku. Ukiifua, ikauke kabisa kwanza. Zima taa, acha feni iendelee mpaka aluminiamu ipoe. Utazame uzi. Kabla ya kila safari pitisha udi kwenye viungo vyote, na ukiona moshi unaingia mahali, usijiambie itatosha. Na usiiweke juu ya kitu ambacho umezoea kukiona.

Msimu ulikuwa unakaribia kwisha. Asubuhi moja simu ililia kabla sijapiga, alfajiri, na aliyepiga ni Mama Rehema. Nilipokea nimesimama nimeshika ukuta.

"Kuna nini? Kaanguka?"

"Hajaanguka. Bado amelala."

"Saa hizi? Hajaenda shamba?"

"Sikumwamsha." Alikuwa ananong'ona. "Bibi shamba, huyu bwana mwaka wa nne huu hulala amekaa, kaegemea ukuta. Akijinyoosha tu, kikohozi. Jana alijinyoosha chali, akapitiwa. Kimya. Nikashtuka, nikasema kafa. Nikamwekea kiganja puani, anapumua. Nikakiondoa, baadaye nikakirudisha. Mpaka adhana."

Nilikuwa nalia, na sikutaka anisikie. Nikamwambia haya mama, na wewe sasa kalale kidogo, usiku mzima hujapata usingizi.

"Nilale nini," akasema. "Namsikiliza."